Dirisha la Chini

Jirani yangu wa kazini wanamwita Rula. Jina la kuzaliwa analo, lakini ukimwita kwa hilo atageuka kumtafuta anayeitwa. Tunachangia chumba kimoja cha biashara: upande wa mlangoni mashine yangu ya fotokopi, upande wa ndani meza yake na kompyuta inayonguruma. Katikati hakuna kinachotutenganisha zaidi ya adabu, na mimi, kwa habari ya kutosikiliza mambo ya watu, sikujaliwa adabu nyingi. Mimi ndiye Mama Kopi.

Rula anachora ramani za nyumba. Zamani alichora kwa penseli na rula ya chuma, ameinama juu ya karatasi kubwa, ncha ya ulimi nje, na mteja akithubutu kuegemea meza anafukuzwa. Kisha wateja wakabadilika. Wakawa hawataki mistari, wanataka kuiona nyumba imesimama, imepakwa rangi, na gari limeegeshwa mbele ya mlango hata kama mwenye nyumba hana baiskeli. Ikambidi ajifunze kompyuta akiwa na mvi tayari. Mwalimu wake ni kijana mmoja wa kwenye video, wa nchi za mbali, anayecheka ovyo na kusema kila jambo ni rahisi sana. Rula anamchukia yule kijana utadhani walishagombania mke.

Nimekaa ubavuni mwake kwa muda mrefu hata nami nimeyajua maradhi ya nyumba za kompyuta. Kuna paa linaloelea: ukigeuza nyumba unaona mwanga kati yake na ukuta, kwa sababu kompyuta imeshika kimo chake cha ukuta na si chako. Kuna dirisha ambalo kwa nje unaliona na kwa ndani halipo. Hapo ujue umechora ukuta juu ya ukuta, na dirisha limetoboa mmoja tu. Kuna pembe zisizofungana, tundu ambalo hata sindano haipiti, na kwa tundu hilo kompyuta inagoma kuezeka nyumba nzima. Rula huyatibu yote hayo kwa kipanya na matusi ya chini chini. Mwisho nyumba inakubali, naye anaegemea kiti na kuniita, "Mama Kopi, njoo uone mtu mzima alivyoheshimiwa." Huwa nakwenda kuona, nikamsifu, maana hana mke wa kumsifu.

Alichonacho ni mama yake na mdogo wake mmoja. Mdogo huyo ndiye Paka.

Paka alikuwa fundi wa paa, na jina alilipata kwa namna alivyotembea juu ya kenchi, zile mbao za kubeba bati, mikono mfukoni, anapiga mluzi, na sisi huku chini tumeshika vifua. Akija kuchukua ramani kwa kaka yake lazima anitanie kwamba mashine yangu inakohoa, niipeleke hospitali. Ameezeka nyumba za karibu mtaa mzima. Yake mwenyewe, aliyoipandisha tofali kwa tofali kila alipopata nafasi, ilikuwa imesimama wazi miaka na miaka, mvua ikiingia na kutoka bila kupiga hodi. Nyasi zilikuwa zimeota sebuleni. Mganga hajigangi. Ukimuuliza anakwambia amalizie za watu kwanza, yake haikimbii.

Nyumba kweli haikukimbia. Siku moja, juu ya paa la watu, ubao ulioliwa na mchwa kwa ndani ukavunjika chini ya mguu wake, na tangu siku hiyo mwili wake kuanzia kiunoni kwenda chini haukuwa wake tena. Nilipokwenda hospitali kumwona alinitazama akacheka.

"Mama Kopi, umewahi kuona paka anaanguka kwa mgongo? Nimelitia jina aibu."

Nikacheka naye. Halafu nikasema nakwenda kununua maji, nikasimama uani nikalia hadi walinzi wakaniuliza kama nimefiwa.

Mama yake akamchukua, akamlaza katika chumba anachopanga. Kitanda kiliwekwa ubavuni mwa ukuta mtupu, kwa kuwa nyuma ya ukuta huo kuna nyumba ya jirani, zimebanana hata panya hapiti. Dirisha lilikuwa moja, dogo, juu upande wa miguuni, na kwa kulala kwake Paka aliona kwa dirisha hilo ncha ya bati la watu tu. Mtu aliyezoea kuutazama mtaa mzima kutoka juu akawa anatazama ukuta. Akaomba jambo moja tu: apelekwe nyumbani kwake, alazwe chumba cha mbele, karibu na dirisha, aone watu wakipita barabarani. Wakipita tu, alisema, hata wasiponisalimu.

Lakini madirisha ya nyumba yake yalijengwa kwa ajili ya watu wanaosimama. Basi hapo hapo kitandani akawatuma vibarua wakabomoe chini ya dirisha la chumba cha mbele, walishushe hadi usawa wa godoro. Wakalishusha. Na kwa huruma yao wakalipanua pia huku na huku, ili mgonjwa aone vizuri. Mama yake akaenda akalipima dirisha kwa uzi, akapiga fundo penye mwisho, akarudi akashona pazia la maua ya njano. Alipomaliza alilikunja akaliweka chini ya mto wa mwanawe.

Sasa likabaki paa. Mafundi wenzake walikaa wakakubaliana chini ya mkubwa wao, mzee mmoja tunayemwita Kobe kwa sababu hana haraka hata akiitwa kula. Mbao watatoa wao, bati watatoa wao, na siku moja watapanda wote pamoja, jua likizama Paka awe na paa. Wakaanza kweli kuleta mbao, moja moja, wakazipanga kando ya ile nyumba. Walichotaka kwa Rula ni mchoro wenye vipimo vya kila ubao ili wazikate mapema.

"We tuchoree," Kobe alimwambia, "kupanda ni juu yetu."

Rula alikwenda kupima akipiga ule mluzi wa mdogo wake. Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akakaa kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimsalimia kijana wa video.

Furaha ile haikudumu. Kwanza dirisha. Kila alipoliweka chini, kompyuta ililirudisha juu, kimo cha kifua cha mtu aliyesimama, kana kwamba haijapata kusikia kuwa duniani kuna watu wanaolala. Alipolishika likashikika, akaingia ndani ya nyumba kulitazama, halipo. Ukuta juu ya ukuta. Akafuta mmoja. Pembe ya sebule ikawa wazi, akaifunga. Paa likaelea, akashusha vimo vya kuta vyote kimoja kimoja. Nilikuwa natoa kopi zangu huku nahesabu matusi, na yalikuwa ya kawaida.

Kisha paa likakaa pande zote isipokuwa upande wa mbele. Pale, juu ya chumba cha Paka, palibaki uwazi, mwembamba mwanzo, unapanuka kuelekea pembeni. Akafuta paa akaliweka upya. Uwazi ukarudi vile vile. Akageuza mteremko, akabadili unene wa ukuta, akairudia video hadi tukaijua kwa moyo. Kijana alikuwa anacheka.

"Cheka," Rula akamwambia. "Cheka, si una paa kwenu."

Umeme ukakatika, ukarudi, akaanza nyumba nzima upya. Ikasimama nyumba ile ile na jeraha lile lile. Nikaacha kazi yangu nikasogeza kiti.

"Nieleze mimi nisiyejua," nikamwambia. "Inataka nini?"

Akanieleza. Alikuwa amepima kila ukuta mara mbili, chini penye msingi na juu pale kenchi zitakapokaa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa tangu enzi za penseli. Kuta nyingine zote, kipimo cha chini na cha juu kilikubaliana. Vya ukuta wa mbele vilikataana. Na kompyuta inajua ukuta wa namna moja tu, uliosimama wima. Akiipa kipimo cha chini, paa linakaa. Akiipa cha juu, paa linaachia.

"Basi umekosea kupima," nikasema. "Jua lilikuwa kali."

"Nitakuwa nimekosea," akasema, na nikaona jinsi alivyolipenda jibu hilo.

Akaipa kipimo cha chini. Paa likakaa, pande zote, limetulia. Ilikuwa nyumba nzuri, na dirisha la chini lilikuwa linatazama barabara. Nikangoja aniite niende kuona mtu mzima alivyoheshimiwa. Hakuniita. Alichapa mchoro, akanipa nimtolee kopi za mafundi. Mashine yangu ikakohoa, ikatoa ya kwanza, na kabla ya ya pili Rula akanyoosha mkono akaizima kwenye swichi ya ukutani.

"Mimi," akasema, "sijawahi kukosea kupima."

Akachukua timazi, ile risasi ya kuning'inia kwenye kamba ambayo waashi wanaitumia kujua kama ukuta umesimama sawa, akatoka. Nilifunga mlango nikamfuata. Mtu hawezi kukaa na wateja wakati moyo umeshatangulia.

Alipanda kwa ngazi mbovu akaishikilia kamba juu ya ukuta, kwa nje, mimi chini natazama risasi ikitulia. Ilipotulia ilikuwa mbali na ukuta, hata kiganja changu kilipita katikati kikiwa kimelala. Ukuta ulikuwa umeinamia barabarani. Tukasogea penye dirisha. Mvua za miaka yote ile zilikuwa zimelamba udongo katikati ya matofali, na vibarua walipolipanua dirisha, boriti ya juu yake ikabaki imeshika ncha tu. Ufa ulianzia hapo, ukapanda kwa mshazari hadi juu kabisa. Dirisha alilolitaka Paka ndilo lililoumaliza ule ukuta.

Na asije mtu akaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo naujua. Ufa ule hakuna aliyeuziba kwa sababu mwenye jicho la kuuona alikuwa amelala chali mahali pengine anatazama bati la watu.

Tulimwita Kobe, na siku hiyo hata yeye alikuja mbio. Akaweka kiganja ukutani kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hapa sipandishi mtu," akasema. "Tukiweka uzito wa kenchi, huu ukuta unatoka, na walioko juu wanatoka nao. Aliyekwisha kuanguka mmoja anatosha."

"Tukiutegemeza kwa magogo?" Rula akauliza.

"Utategemeza na msingi? Pembe yenyewe imetitia. Huu ni wa kushusha wote, bwana, uanze chini."

Uanze chini. Ukuta ambao Paka, mzima, ana miguu na ujana wake, ulimchukua miaka. Na sote tuliosimama pale tulijua jambo ambalo muuguzi alimwambia mama yake mlangoni: vidonda vya mgongoni, vya kulala muda wote, vimeshaingia ndani, homa haishuki, ajiandae. Kobe alizitazama zile mbao, akachukua turubai akazifunika, ingawa mawingu hayakuwepo.

"Nani atamwambia?" akauliza.

Rula alisema atamwambia yeye. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba hatamwambia. Kesho yake alikodi mkokoteni, tukaipakia kompyuta nzima, waya na kila kitu, mimi nimekumbatia kioo chake kifuani barabarani, watu wananiuliza kama nimeolewa nacho. Tukaingia nayo katika kile chumba. Mama yao alisogeza vyombo, akapangusa meza, akaivuta hadi kitandani. Paka alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini utani ulikuwa bado upo.

"Mama Kopi, leo umeleta mashine inayonguruma. Ile inayokohoa umemwachia nani?"

Rula akawasha. Nyumba ikatokea, ukuta wima, bati jekundu limetulia juu, dirisha la chini, na ndani yake amechora pazia la maua ya njano. Mama yao alipiga vigelegele, akajishika mdomo kwa kuwakumbuka majirani.

"Mbao hazijakauka vizuri," Rula akasema, anatazama kipanya. "Kobe anasema tungoje kidogo."

"Geuza," Paka akasema. Rula akaigeuza nyumba. "Sogea mbele. Hapo dirishani. Panda juu kidogo." Akautazama ukuta ule kwa muda.

"Kaka, huu ukuta wa nani?"

"Wako."

"Wangu haukunyooka hivi. Nilipofika matofali ya juu kamba ilikatika, nikaendelea kwa jicho. Nikasema paa litaufunga." Akapumzika, maneno yalikuwa yanamchosha. "Umetoka kiasi gani?"

Rula akainua kiganja chake, akakilaza.

"Ni dirisha?"

"Mvua," Rula akasema haraka. "Mvua ya miaka yote hii, mdogo wangu. Dirisha halina kosa lolote."

Paka akageuza macho kwangu. "Unamwona, Mama Kopi? Tangu mtoto, akidanganya sikio linamcheza."

Na kweli lilikuwa linacheza. Nilimchukia Mungu kidogo, nikatubu, nikamchukia tena.

"Kobe amesema hapandishi mtu," Paka akasema. "Msimlaumu. Hata mimi nisingepanda."

Mama yao alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa ameelewa taratibu, neno moja moja, na mkono wake ukaenda chini ya mto ukalitoa lile pazia. Alilishika tu.

"Sasa hili nilipeleke wapi?" akauliza.

Paka ndiye aliyejibu, lakini alimjibu kaka yake.

"Ifute hiyo. Nichoree humu ndani. Chumba hiki hiki."

Rula akafuta nyumba. Akachora kuta za kile chumba, mlango, dirisha dogo la juu, kitanda.

"Sasa hapa ubavuni kwangu tia dirisha. La chini."

Rula akabonyeza mara moja. Likaingia. Halikuruka juu, halikupotelea ndani, hakuna pembe iliyoachia wala kitu kilichoelea. Kompyuta iliyokuwa imemtesa kwa nyumba nzima ililikubali dirisha lile bila neno. Akashusha jicho la picha hadi usawa wa mto, ili Paka aone kama aliyelala, na tukaona sote: chumba, godoro, dirisha pana, na nje ya dirisha weupe mtupu.

"Nje kuna nini?" Paka akauliza.

"Sijachora kitu. Nikuchoree barabara? Nikutilie watu?"

Wapo watu kwenye kompyuta ile, nimewaona, wanaume wenye mikoba na wanawake wanaosukuma watoto, hutiwa mbele ya nyumba za wateja ili zipendeze. Paka alifikiri.

"Hao siwajui," akasema. "Acha tu. Mama, pazia lako limepata pa kukaa."

Rula alitafuta nyundo kwenye sanduku la kazi la mdogo wake, lililokuwa chini ya kitanda. Akapigilia misumari kwenye ule ukuta mtupu, akapima kwa uzi wa mama yake wenye fundo, na mama yake akalitundika pazia. Lilitosha sawasawa. Paka akasema limependeza, akafumba macho, nasi tukaipakia kompyuta.

Paka hakukaa nasi muda mrefu baada ya hapo. Siku ya kutoa pole chumba kilijaa watu, joto likawa la kukaba, na mafundi wa paa walikuwa wamesimama mlangoni na kofia mikononi. Shangazi yao mmoja, aliyesafiri kutoka mbali na hajawahi kufika pale, alijipepea, akajipepea, akainuka akaenda kuvuta pazia la maua ya njano ili watu wapate hewa. Akakuta ukuta. Akasimama pale na pazia mkononi, hajui alirudishe au alishike. Rula alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kitanda.

"Liache wazi, shangazi," akamwambia.